Dk. Dicke, aliyegundua ubaya wa ngano kwa wagonjwa wa seliaki

Kama daktari amekuambia una ugonjwa wa seliaki, huenda jambo la kwanza ulilofikiria ni kifungua kinywa. Asubuhi ya Arusha ni chai na chapati, supu na chapati, au maandazi. Sasa umeambiwa uache ngano, shayiri na rai maisha yako yote. Ukiingia dukani unakuta biskuti za kutoka nje zilizoandikwa hazina gluteni, na bei yake inakukatisha tamaa.

Kabla hujaamua kwamba ugonjwa huu ni wa matajiri, msomaji wangu, zisome habari za daktari aliyegundua chanzo chake, Willem Karel Dicke wa Uholanzi. Wagonjwa wake walipata nafuu bila biskuti hizo.

Gluteni ni protini ya ngano, ile inayofanya unga wa chapati uvutike. Shayiri na rai nazo zina protini za jamii hiyo. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huzipokea kama adui, na katika mapambano hayo huharibu vijinyuzi vya utumbo mdogo vinavyofyonza chakula. Mtu anakula lakini hanufaiki. Anaharisha, tumbo linajaa gesi, anakonda, anapungukiwa damu, mtoto anadumaa.

Dicke alizaliwa mji wa Dordrecht mwaka 1905. Alisomea udaktari Leiden, kisha akabobea katika magonjwa ya watoto mjini The Hague. Mwaka 1936, akiwa na miaka 31, alikabidhiwa uongozi wa Hospitali ya Watoto ya Juliana mjini humo.

Wakati huo seliaki ilijulikana kwa dalili zake tu, na watoto wengi walikufa. Samuel Gee wa London alikuwa ameieleza vizuri mwaka 1888, akiamini kwamba kama kuna tiba, itatoka kwenye chakula. Lakini chakula gani? Mwaka 1924, Dk. Sidney Haas wa Marekani alitangaza kwamba watoto aliowalisha ndizi walipata nafuu.

Ndugu zangu wa Meru, msifurahi mapema. Ndizi haikuwa dawa. Watoto wale walikuwa wamekatazwa mkate, na nafuu yao ilitoka hapo.

Dicke alikuwa mtu wa kusikiliza. Inasimuliwa kuwa mama mmoja alieleza jinsi mwanawe mgonjwa alivyopata nafuu kila alipomwachisha mkate. Daktari mwingine angeyapuuza maneno hayo. Dicke aliyafanyia kazi. Tangu katikati ya miaka ya 1930 alianza kuwapa watoto chakula kisicho na ngano, akiwapima na kuandika ukuaji wao. Ngano ikiondolewa, mtoto alipata hamu ya kula na uzito ukapanda. Ikirudishwa, alianza kuharisha tena. Mwaka 1941, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, alichapisha taarifa yake ya kwanza katika jarida la madaktari wa Uholanzi.

Kisha ikaja njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Miji ya magharibi mwa Uholanzi, The Hague ikiwemo, ilikosa mkate. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengi walidhoofu, lakini Dicke aliona wagonjwa wake wa seliaki wakipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ulirudi. Wengi husimulia kana kwamba njaa ndiyo iliyomfunulia siri hiyo. Si kweli. Njaa ilimthibitishia tu alichokuwa akikifuatilia kwa karibu miaka kumi.

Mwaka 1950 aliwasilisha utafiti wake wa shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Akishirikiana na van de Kamer, mtaalamu wa kemia, na Dk. Weijers, alipima mafuta yaliyopotea kwenye choo cha wagonjwa. Mwaka 1953 walionyesha kwamba wanga wa ngano hauna shida. Mkosaji ni protini yake. Dicke alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 57.

Sasa rudi jikoni kwako. Dicke hakuwatafutia wagonjwa wake chakula cha ajabu. Aliondoa kinachodhuru, akawapa kisichodhuru. Kwa mtu wa Arusha kazi hiyo ni rahisi kuliko ilivyokuwa kwake, kwani vyakula vya asili vya eneo hili havina gluteni. Pita Soko Kuu, Kilombero au Tengeru: ndizi za kupika, mahindi, mchele, viazi, mihogo, magimbi, maharage, ulezi, mtama, mboga, mayai, samaki na nyama. Mtori, kande, loshoro na ndizi nyama vilikuwepo kabla ya chapati kuzoeleka mezani. Maziwa yakikusumbua miezi ya mwanzo, yapunguze. Utumbo ukipona, wengi huyavumilia tena.

Asubuhi, badala ya chapati, kula viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, ndizi au uji wa ulezi. Vitumbua na mkate wa kumimina wa mchele vinafaa ukivipika mwenyewe, maana muuzaji anaweza kuongeza unga wa ngano ili vishikane.

Hatari iko kwenye mchanganyiko. Unga wa uji wa lishe unaouzwa tayari mara nyingi una ngano. Nunua nafaka, zichague, uchanganye mwenyewe. Mashineni uliza kama wanasaga ngano pia, na ikiwezekana tafuta mashine isiyosaga. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa au maandazi ziache. Soseji, sosi ya soya na supu za pakiti, soma maandishi yake kwanza. Mkate wa kahawia ni ngano vilevile, na bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri. Kipande kidogo cha chapati kwenye msiba au harusi nacho kinadhuru, hata usiposikia maumivu siku hiyo. Waeleze wenyeji mapema, au beba chakula chako. Si ufahari, ni matibabu.

Kuna jambo moja ambalo usimuige Dicke. Yeye aliondoa ngano na kuirudisha ili kuujua ugonjwa kwa sababu hakuwa na kipimo kingine. Leo kuna kipimo cha damu, na kamera ya kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Vipimo hivyo huonyesha ukweli ukiwa bado unakula ngano. Kama una dalili lakini hujapimwa, usiache ngano kwanza. Nenda kwa daktari, hasa ukiwa umetibiwa minyoo na amiba mara nyingi bila kupona, na umtajie jina la seliaki.

Usikubali pia kuambiwa kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika.

Ukishathibitishwa, waambie wazazi, watoto na ndugu zako wa damu wapime, kwani ugonjwa hutembea katika familia. Rudi kliniki daktari aangalie wingi wa damu na uzito wako. Utumbo hupona taratibu, kwa miezi na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Dicke aliandika uzito wa wagonjwa wake kwa miaka. Nawe nunua daftari, uanze kuandika wako wiki hii.