Mwenye Majumba Aliyetuachia Kivuli

Kila nifikapo Nairobi, miguu hunipeleka Bustani ya Jeevanjee. Huketi chini ya mti nikamkumbuka mwenyewe, Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856 akaja Mombasa mwaka 1890.

Marehemu alikuwa mfanyabiashara hasa. Alileta vibarua kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya Uganda, kisha akageukia viwanja, akajenga majumba na soko Nairobi. Kwetu Mombasa alianzisha gazeti la African Standard, akaliuza mwaka 1905; ndilo The Standard la leo. Mwaka 1909 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiye Mzungu, na hakuogopa kupinga ubaguzi wa ardhi ya nyanda za juu.

Lakini kiwanja hiki hakukijenga. Mwaka 1906 alikitoa kiwe bustani ya watu wote. Alifariki mwaka 1936, na mwaka 1991 ukazuka mpango wa kujenga hapa maduka na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete pamoja na wananchi, na mpango ukafa.

Sisi tuliosomea chuoni tulifunzwa kuwa sadaka idumuyo humfuata mtu kaburini. Majumba huuzwa na kubomolewa. Hapa mchovu angali anapumzika bila kuulizwa kodi. Nami ni mmoja wao. Mungu amrehemu.