Henry Dunant na watu wa kujitolea vitani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu katika imani, anayetoka Biharamulo kwenda Rwanda hupita Benaco, Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa takriban siku moja. Wenye silaha walizisalimisha mpakani. Huko Benaco watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakawahudumia. Nani aliyeasisi kazi hiyo?

Henry Dunant alizaliwa Geneva mwaka 1828. Alikuwa mfanyabiashara aliyetafuta faida Algeria, nchi ya Waislamu iliyokaliwa na Wafaransa. Mwaka 1859 alimfuata Napoleon III hadi Italia kuomba kibali, akakuta vita vya Solferino na maelfu ya majeruhi wasio na wa kuwatazama. Akakusanya wanakijiji, wakawahudumia wote bila kuuliza jeshi la mtu.

Kitabu chake cha 1862 kilizaa Msalaba Mwekundu, kisha Mkataba wa Geneva wa 1864. Waturuki wakachagua Hilali Nyekundu. Yeye alifilisika mwaka 1867, akaishi kifukara hadi tuzo ya Nobel ya 1901, akafariki 1910.

Mkataba wa Nne wa 1949 huwalinda raia walio chini ya ukaliaji. Wanaosimama leo kwenye vizuizi vya askari Palestina, wakiandika nani kazuiwa, hupima kwa mkataba huo.

Sisi tumeamrishwa ushahidi wa uadilifu katika Suratun-Nisaa, hata dhidi ya nafsi zetu. Tusiwe wa mwisho kuutoa.

Wallahu a'lam.