Padri Gregor Mendel na Siri ya Mbegu

Mwaka 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, katika dola ya Austria, alizaliwa mtoto aliyeitwa Johann Mendel. Siku hizi kijiji hicho kimo katika nchi ya Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima, wala hawakuwa na mali. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa na gogo alipokuwa katika kazi ya lazima ya bwana wa nchi, na nguvu zake zikapungua. Fedha za shule zikakosekana. Ndipo Theresia, ndugu yake mdogo wa kike, alipomtolea sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa. Johann hakuyasahau mema hayo: baadaye aliwasaidia watoto watatu wa Theresia katika masomo yao.

Mwaka 1843 aliingia katika monasteri ya Waagustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata daraja ya upadri. Alipotumwa kuwazuru wagonjwa, mateso yao yalimlemea moyo hata yeye mwenyewe akaugua. Abate wake hakumkaripia, bali alimpa kazi ya kufundisha. Gregor alifundisha vema, lakini mtihani wa ualimu ulimshinda mwaka 1850, ukamshinda tena mwaka 1856. Hivyo akabaki mwalimu asiye na hati.

Mwaka huo wa 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya monasteri. Alichukua njegere za ukoo mrefu na njegere za ukoo mfupi. Alifungua ua changa la mmea mmoja, akaliondolea chavua yake kabla haijaiva, kisha akalipaka chavua ya mmea wa ukoo wa pili. Mbegu zilipopandwa, mimea yote ilikuwa mirefu. Mtu wa haraka angalisema kwamba ufupi umekufa. Padri Gregor hakuharakisha. Aliiacha mimea hiyo ijizalie yenyewe, akapanda mbegu zake, akahesabu: mirefu 787, mifupi 277. Ufupi ulikuwa umerudi, karibu mmea mmoja katika kila minne.

Alijaribu sifa saba kwa namna hiyo hata mwaka 1863, kwa mimea ipatayo 28,000. Akafahamu ya kuwa kwa kila sifa mmea hupokea urithi mara mbili: mmoja toka kwa baba, mmoja toka kwa mama. Urithi mmoja waweza kuufunika mwingine, lakini hauufuti. Uliofunikwa hukaa kimya. Ukikutana na mwenziwe wa namna ile ile, huonekana tena.

Mwaka 1865 aliyasoma hayo mbele ya wataalamu wa mji wake, na mwaka 1866 yakapigwa chapa. Wachache mno waliyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Abate, na kazi za utawala zikamnyang'anya bustani yake. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, siku ya Epifania. Watu wa Brno walimzika Abate mwema. Hawakujua wamemzika mtaalamu gani. Mwaka 1900 wataalamu wa nchi mbalimbali walifikia kanuni zile zile, wakakuta Padri Gregor amewatangulia.

Mwaka 1905 Mwingereza Rowland Biffen alionyesha kwamba hata nguvu ya ngano ya kukinza ugonjwa wa kutu yaweza kurithiwa kwa kanuni hiyo. Na Afrika nayo imepata faida. Mwaka 1966 ulionekana nchini Kenya ugonjwa wa mpunga ugeuzao majani kuwa ya manjano na kuyapunguza mavuno, hata pengine shamba lisitoe kitu. Huletwa na kirusi, ambacho wadudu walao majani hukichukua toka mmea hata mmea. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Hutumia chombo kilichomo ndani ya mmea, kama mwizi apikaye katika chungu cha mwenye nyumba.

Mpunga uitwao Gigante, wa Msumbiji, haupatwi kwa urahisi. Mwaka 2006 wataalamu walieleza sababu: urithi wake umebadilika kidogo, na chombo kile hakishikiki vema na kirusi. Lakini mmea wapaswa kuupata urithi huo kwa baba na kwa mama pia. Ukiupata upande mmoja tu, chombo cha kawaida kingali kimo, na kirusi hukitumia.

Kwa hiyo Gigante ukizalishwa pamoja na mpunga dhaifu, watoto wote huugua. Asiyejua huwatupa. Ajuaye huwatunza na kupanda mbegu zao, kwa maana kati ya wajukuu, karibu mmoja katika kila wanne hukinza. Viko virusi vilivyokwisha kuishinda nguvu hiyo, kwa hiyo wataalamu hutafuta na nyingine. Nao hufanya kama alivyofanya Padri Gregor: hupanda, hungoja kizazi cha pili, huhesabu.