Siri ya Mama Ella

Safari hii twende Marekani, kwa Eugene O'Neill, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyezaliwa mwaka 1888 katika familia ya Kikatoliki.

Mama yake, Ella, alisomeshwa na masista. Mwaka 1877 aliolewa na James, mwigizaji maarufu, na maisha yakawa ya hotelini na ndani ya garimoshi. Mwaka 1885 alikuwa safarini na mumewe wakati mtoto wao mdogo, Edmund, alipoambukizwa surua na kaka yake Jamie, akafa. Ella hakuacha kumlaumu Jamie, naye alikuwa mtoto tu. Kisha akamzaa Eugene kwa taabu, akapewa mofini ya kutuliza maumivu. Dawa ile ikamfunga.

Wakaificha siri. Eugene aliijua akiwa na miaka 14, usiku ambao mama alitoka mbio kwenda kujitupa mtoni. Kijana akaacha kwenda Misa.

Hapa tusimame kidogo. Hata kwetu Kabazi zipo nyumba ambamo baba ameshikwa na pombe, au mama amechoka akili, na wageni wanaambiwa ni malaria. Watoto wanasikia yote, ukuta ni wa mbao. Baba na mama, kaeni chini wawili, mwutaje ugonjwa kwa jina lake kabla jirani hajawaambia watoto. Tena msitafute nani aliyeuleta. Kina O'Neill walitafuta miaka mingi: je, ni ubahili wa James? Ni kuzaliwa kwa Eugene? Ni surua ya Jamie? Ella alikuja kupona mwaka 1914, alipokwenda kukaa kwenye konventi ya masista.

Eugene alioa mara tatu. Mwaka 1941 alimpa mkewe Carlotta, kwa kutimiza miaka 12 ya ndoa, mchezo uitwao Long Day's Journey Into Night, unaosimulia siku moja ya nyumba ile ya kwao. Aliuandika akilia. Humo aliwasamehe baba, mama na Jamie, wote wakiwa wamekwisha kufa.

Walio hai walimshinda. Mwaka 1943 binti yake Oona, mwenye miaka 18, aliolewa na Charlie Chaplin, aliyekuwa na 54. Eugene akamkana. Alifariki mwaka 1953 bila kumwona tena.