Siti binti Saad na Santuri za Mwaka wa 1928

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka wa 1880. Wazazi wake walimpa jina la Mtumwa, jina lililotangaza hali ya ukoo wake kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Hakujua kusoma wala kuandika. Kazi aliyoirithi kwa mamaye ni ufinyanzi, naye alizoea kuchukua vyungu hadi mjini akivinadi kwa wimbo.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alifunzwa uimbaji na Ali Muhsin, kisha akaungana na wanamuziki kama Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, kipofu mzaliwa wa Mombasa. Taarabu ya enzi hizo ilikuwa tunu ya kasri la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi wa makabwela wa Ng'ambo hawakuielewa. Siti naye aliimba kwa Kiarabu, ila jina lake lilijengwa na Kiswahili.

Mwaka wa 1928 kampuni ya HMV ilimpeleka Bombay, India, pamoja na wenzake. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilikuwa imenaswa katika santuri. Kila upande wa santuri ulichukua takriban dakika tatu tu. Wimbo uliozoea kurefushwa barazani kadiri wasikilizaji walivyotunza ukabidi ukatwe. Bila shaka kitu kilipotea hapo. Hata hivyo, kufikia mwaka wa 1931 nakala zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa, na santuri hizo zikapigwa mikahawani mbali na Unguja.

Umma ulisikia nini humo? Ulisikia habari zake wenyewe. Wimbo kuhusu Kijiti, kwa mfano, unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na mahakama ikawaadhibu wanawake waliokuja kutoa ushahidi, kwa kosa la pombe. Magazeti ya serikali ya kikoloni hayangeikemea mahakama hiyo. Santuri ilifanya hivyo.

Wapo wanaompunguzia Siti hadhi kwa kuwa mashairi mengi yalitungwa kwa ushirikiano wa kikundi. Hoja hiyo ni dhaifu, maana ushairi wa Kiswahili haujawahi kuwa mali ya kalamu pekee, na mashairi yote hayo aliyahifadhi moyoni. Wapinzani wake walimsimanga kwa nasaba na sura. Aliwajibu kwa nyimbo.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuketi naye na kumhoji, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad.