Tom Barry: Askari wa Uingereza aliyewapiga Waingereza

NI mtoto wa polisi huyu. Tom Barry, jina lisilosahaulika kusini mwa Ireland, alizaliwa Killorglin, Kaunti ya Kerry, Julai 1, 1897. Mwaka 1915 alijiunga na jeshi la Uingereza, kikosi cha mizinga, akapelekwa Mesopotamia, Iraq ya leo. Huko ndiko habari za maasi ya Dublin ya mwaka 1916 zilikomkuta, naye akiwa ndani ya sare za waliokuwa wakiyazima.

Aliporejea Bandon, Kaunti ya Cork, wapigania uhuru wa IRA walimshuku. Hata hivyo, ujuzi wake ulihitajika mno, na mwaka 1920 Brigedi ya Tatu ya Cork ikamkabidhi kazi ya kufundisha wapiganaji.

Brigedi hiyo iligawanywa katika batalioni za miji kama Bandon, Clonakilty na Dunmanway, na kila batalioni ikawa na kombania zake vijijini. Bunduki zilikuwa chache, wapiganaji wengi wakiwa wakulima waliolala makwao. Ndipo kikaundwa kikosi cha kuhamahama, kilichokusanya bunduki hizo na vijana hodari kutoka kombania mbalimbali. Waliobaki walichimbua barabara, walikesha lindoni na kupeleka ujumbe. Wanawake wa Cumann na mBan waliwalisha na kuwauguza. Bila hao, Barry asingedumu hata mwezi.

Novemba 28, 1920, huko Kilmichael, kikosi chake kiliangamiza msafara wa magari mawili ya polisi wasaidizi, kikipoteza watu watatu. Wanahistoria wangali wanabishana iwapo polisi hao walisalimu amri kwa hila. Barry alishikilia hivyo maisha yake yote. Machi 19, 1921, huko Crossbarry, wapiganaji 104 wenye risasi 40 kila mmoja, waliogawanywa katika seksheni saba, walipenya mzingiro wa mamia ya askari. Asubuhi hiyohiyo kamanda wa brigedi, Charlie Hurley, aliuawa alikokuwa akiuguza majeraha.

Kilichoshindwa kuvunjwa na Waingereza kilivunjwa na Mkataba wa Desemba 1921. Barry aliupinga. Seán Hales, aliyeongoza mojawapo ya seksheni za Crossbarry, aliuunga mkono. Nduguye Tom, kamanda wa kwanza wa brigedi, akaupinga. Seán aliuawa kwa risasi Dublin, Desemba 7, 1922, na watu wa upande wa nduguye.

Barry alifariki dunia Cork, Julai 2, 1980.