Werner von Siemens

Werner von Siemens (13 Desemba 1816 – 6 Desemba 1892) alikuwa mwanajeshi, mhandisi na mfanyabiashara kutoka Ujerumani.

Alizaliwa Lenthe, karibu na Hannover, katika familia ya mkulima yenye watoto wengi. Kwa kuwa wazazi hawakumudu gharama za chuo, alijiunga na jeshi la Prussia akasomea uhandisi katika shule ya kijeshi mjini Berlin. Wazazi walipofariki mwaka 1839 na 1840, jukumu la kuwalea wadogo zake lilimwangukia. Haja hiyo ya fedha ilimsukuma kuuza uvumbuzi wake.

Mwaka 1847 alianzisha na fundi Johann Georg Halske karakana ya mitambo ya telegrafu, akaacha jeshi mwaka 1849. Kampuni ilipokua, ndugu zake Wilhelm na Carl walisimamia kazi zake Uingereza na Urusi. Mwaka 1866 alibuni dainamo, na mwaka 1879 alionyesha treni ya umeme mjini Berlin. Wafanyakazi aliwawekea mfuko wa pensheni mwaka 1872.

Kizio cha upitishaji umeme, siemens (S), kimepewa jina lake.